Mahindi Yanayomea Kichwa Chini

Tangu Kitale, Edinah, muuza mbegu wa Tongaren, alikuwa akichungulia daftari la kijana aliyeketi kando yake kwenye matatu ya Peugeot. Uvumilivu ukamwishia.

“Kijana, mbona mahindi yako inamea ikienda chini?”

“Ni mchezo wa simu natengeneza, mama. Nikiongeza namba ndio mmea upande juu, unashuka! Na saa nane naonyesha watu wa kuniandika kazi Bungoma.”

“Unapima kutoka wapi?”

“Chini, si kama shuleni?”

“Sisi kamba ya kupandia tunaanzia upande wa juu wa shamba, tunateremka. Labda simu yako ni mkulima.”

Kijana hakucheka. Alikodoa macho, akafuta ukurasa mzima, akaanza upya kuhesabu kutoka juu.

Gari liliposimama Bungoma, yeye alikuwa bado anaandika, na Edinah, akidhani amemharibia kazi, bado anaomba msamaha.