Aliyengoja Kijidudu Kigawanyike

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa kwanza wa fundi saa, katika vyumba viwili vilivyokuwa juu ya duka la baba. Alichungulia kwenye lenzi ya baba kabla hajajua kusoma, na hakuna saa iliyopona mikononi mwake.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, halafu chuo kikuu, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1992. Tangu hapo alishughulika na jambo moja: namna kijidudu cha kifua kikuu kinavyopanga na kugawa vinasaba vyake. Sisi tusioelewa alituwekea mezani kiberiti kitupu na uzi wa kufumia.

"Haya, shindilieni wote humu. Sasa toeni nakala yake, mgawe kwenye viberiti viwili, na nisione fundo."

Tulishindwa. Alisema kijidudu hufanya hivyo karibu kila siku, tena bila kujisifu.

Aliolewa tarehe 3 Agosti 1995 na fundi umeme aliyekuja kukarabati maabara, akazima kabati la joto la kuoteshea vijidudu bila kuuliza.

"Umeniulia kazi ya miezi miwili!"

"Samahani, dada. Si vijidudu tu?"

"Na wewe si nyaya tu?"

Shemeji alirudi kesho yake kuomba radhi, na keshokutwa akarudi bila sababu. Walijaliwa binti mmoja.

Dada aliamini kuwa protini fulani ndiyo inayozivuta nakala mbili za vinasaba, moja huku, nyingine kule. Mwaka huu alitengeneza vijidudu visivyo na protini hiyo: visipoota, yuko sahihi. Lakini kijidudu hicho hakina haraka, huchukua wiki kadhaa kuonekana kwenye sahani ya maabara, na wakati akingoja, aligundulika ana saratani ya kongosho. Wodini, kabla ya kuitikia salamu zetu, alimgeukia mwanafunzi wake wa maabara.

"Vimeota?"

"Bado, Mwalimu."

Alitaka kujua kabla ya kuondoka, hilo tu. Alifariki Jumatano alfajiri, hajajua. Inatuuma.

Sahani zilifunguliwa jana. Mwanafunzi alikuja nyumbani, macho mekundu, akasimama mlangoni.

"Vimeota. Mwalimu alikosea."

Shemeji alicheka mpaka akalia. "Angekuwepo, Jumatatu angeanza upya."

Ameacha mume, binti na wadogo zake wawili. Swali lake amelichukua mwanafunzi.

Mungu ampumzishe kwa amani, akishamjibu.