Dakta Ngoga Achille (1961–2024), Aliyekataa Kuazima Mikroskopi

Dakta Ngoga Achille alizaliwa Runingu tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mzee Habonimana na mama Victoire, wakulima wa mihogo na mahindi. Alisoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Uvira, kisha udaktari Lubumbashi, akahitimu mwaka 1989. Wenzake wengi walibaki kule penye umeme. Yeye alirudi.

Tarehe 8 Agosti 1992 alimuoa Léa, mwalimu wa Katogota, aliyevumilia mengi. Siku ya mahari ya binti yao Noella, marehemu aliuchukua moyo wa ng'ombe kabla haujafika jikoni, akawafundishia wanafunzi wake nyuma ya nyumba, maana shule haikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Wakwe walisubiri nyama mpaka jioni.

Wanafunzi hao ni wa kitivo cha udaktari alichokiongoza hapa Uvira tangu mwaka 2011. Kitivo kisipotambuliwa na serikali, diploma zao ni bure, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Tume ya serikali inayokagua vyuo ilitaka maprofesa. Walipopatikana, ikataka maabara. Maabara ilipojengwa, ikasema faili limezeeka, lianze upya.

Novemba 2018 wakaguzi wakaja kweli. Wakuu wa shule, kwa kuogopa aibu, wakaamua kuazima mikroskopi za hospitali. Marehemu alikataa katakata. “Hizi iko ya wagonjwa,” aliwaambia. “Mukizibeba, mugonjwa wa leo atapimwa na nini? Tuseme tu hatuna. Minye siko na haya ya kusema hatuna.”

Zikabebwa hata hivyo, zimefunikwa kitenge. Wakaguzi wakafurahi. Mchana wakaomba kuona hospitali wanafunzi wanakojifunzia. Maabara yake ilikuwa meza tupu, wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Walipouliza mikroskopi ziko wapi, mpimaji, akidhani nao ni watu wa shule, akajibu bila hila, “Iko kwenu ku shule, baba. Mulibeba asubui.” Shule ikaangushwa, na marehemu akaanza tena barua na safari, kwa kosa alilolikataza mwenyewe.

Mwishoni mwa 2022 figo zilianza kumsumbua. Aliyemtibu ni Félicité, mwanafunzi wake bora wa mwaka 2019, ambaye kwa karatasi bado si daktari. Tulimsihi marehemu aende Bujumbura, akagoma. “Minye nilimufundisha,” alisema. “Nikimukimbia, nani atamuamini?”

Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, Félicité akiwa amemshika mkono. Cheti cha kifo hakuruhusiwa kukitia sahihi. Maiti ikangoja hadi alipopatikana daktari mwenye haki hiyo, mtu ambaye hakuwahi kumuona marehemu akiwa hai. Akasaini, akaenda zake. Inaudhi, ndugu zangu.

Ameacha mjane, Léa, watoto, Noella na Eugène, wajukuu wanne, na madaktari aliowafundisha ambao hadi tunamzika leo hawajaitwa madaktari.

Mungu ampumzishe Ngoga wetu. Wanaolikalia faili la kitivo chake, wao wasipumzike kwanza.