Cheche Hakuungua Kazini

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, katika hospitali ya wilaya, akiwa kitinda mimba wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha chuo cha ufundi, akahitimu uchomeleaji wa vyuma mwaka 2004, na mageti mengi mliyoyapita mkija hapa ni kazi ya mikono yake.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika karakana iliyo karibu na stendi, hakuihama mpaka mwisho, tarehe 18 Agosti 2012 akafunga ndoa, wakajaliwa binti na mvulana, aliokuwa akiwabeba wote kwa mpigo, mmoja kila bega, huku akilalamika kwamba wamemgeuza punda, na ole wake aliyejaribu kumpokea mmoja.

Baadaye mikono yake ilianza kutoka vidonda vya moto, wenzake wakambandika jina la Cheche, wakimtania kwamba cheche zinampenda kuliko mkewe, naye akicheka kuliko wote, hata tajiri wa karakana akamnunulia glavu ndefu za kufika viwikoni, vidonda vikahamia mgongoni, wala hakuna aliyejiuliza cheche humzungukaje mtu anayetazamana na kazi yake. Jamani! Yalikuwa maji ya moto, ya jikoni kwake, kwa mkono wa mkewe.

Januari mwaka huu alijipa moyo, akaenda kituo cha polisi kushtaki, askari wa zamu akamuuliza mbele za watu kama yeye ni mwanamume kweli, watu wakaangua kicheko, akaambiwa arudi akaitawale nyumba yake, akarudi. Tulipomsihi ahamie kwetu, aliuliza watoto atamwachia nani.

Tarehe 2 Juni, mchana, akiwa amejilaza kwenye kochi, alimwagiwa mafuta ya moto, akalazwa wodi ya walioungua, akafariki tarehe 11. Shauri liko mahakamani, nasi tunaliacha huko.

Leo asubuhi wazee wa ukoo walitaka isomwe kwamba ilikuwa ajali ya nyumbani, wakisema tusimvue marehemu nguo hadharani, lakini dada yake, huyu anayewasomea, aliwajibu kwa heshima zote kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nacho kimeshatuumbua, na kama kuna mzee anayetaka kuichukua karatasi hii, basi ajongee sasa.

Asanteni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliovunja mlango wakamtoa, na wenzake wa karakana waliojipanga kumtolea damu bado wamevaa ovaroli. Kwa kituo kile hatuna shukrani, tuna dai, kwamba mwanamume anayepigwa nyumbani asikilizwe faraghani, maelezo yake yaandikwe, na sheria imtaje waziwazi, asibaki kuwa kichekesho cha kaunta. Kesho saa mbili asubuhi familia inalipeleka dai hilo palepale kituoni, na kama yupo hapa baba, kaka au shemeji anayelijua jambo hili kwa ngozi yake, aje tuingie pamoja, kwa sababu mdogo wetu aliingia peke yake.

Pumzika, mdogo wetu. Anayetaka kucheka, sasa atucheke sisi.