Siku Niliyosema Simfahamu Mama Angetile

Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wetu wa Kijiji ndugu Ezekiel, Shehe wetu, Mchungaji Sylvester uliyetoka Mwaya kuja kukaa nasi, wazee wangu, kina mama, ndugu Waislamu wa misikiti yote miwili na majirani zetu Wakristo: asalamu aleikum, na mugonile nyote.

Nimeambiwa leo ninaagwa. Miaka kumi na minne nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya Waislamu wa kijiji hiki, na wasemaji watatu walionitangulia wamesema Gwamaka ametuunganisha. Kanzu mliyonishonea naiona pale mezani, imekunjwa vizuri. Naomba ibaki pale kwanza. Nimechoka, ndugu zangu, na kilichonichosha siyo uenyekiti.

Nyote mnanijua kwa kisu. Msiba ukitokea kwa Wakristo, ng'ombe akishafungwa, mnasema, "Muiteni Gwamaka achinje, majirani Waislamu nao wale." Ni desturi nzuri sana hiyo, na siisemi vibaya. Hata msiba wa mama yake Mchungaji, nilichinja mimi. Siku ile mzee mmoja alinishika bega akaniambia, "Gwamaka, wewe ni Muislamu wetu. Wewe siyo kama wale."

Nilicheka. Sikumuuliza wale ni akina nani. Mbona sikuuliza? Kwa sababu nilijua. Wale ni wenzangu wenye wajomba na mashangazi ng'ambo ya Mto Songwe, kule Malawi, ambao wakifika kwenye kizuizi cha barabarani wanaambiwa, "Wewe mwenye kofia, shuka." Majirani zetu Wakristo wana ndugu ng'ambo hiyo hiyo, wanavuka kila wiki na mchele wao, na hakuna anayewauliza walizaliwa wapi.

Basi kwa kuwa mimi ni "Muislamu wetu", miaka tisa iliyopita zilipokuja fomu za vitambulisho vya taifa, niliwekwa kwenye kamati ya kijiji ya kuthibitisha nani ni mzaliwa. Ndugu Mtendaji, wewe ulikuwa bado hujahamia hapa. Ikaletwa fomu ya Mama Angetile. Ni yule pale, mwenye kitenge cha kijani. Mama yake amezikwa nyuma ya msikiti huu. Mume wake alipofariki, niliyemwosha ni mimi.

Mwenye kuongoza kikao akaniangalia. "Gwamaka, huyu ni wa kwenu. Ni wa hapa, au ni wa ng'ambo?"

Watu wote wakanigeukia. Sasa niwaambie kitu ambacho wengi hamkijui: mama yangu mzazi alizaliwa Karonga, ng'ambo huko huko. Nikaona nikimtetea huyu, swali linalofuata ni langu. Nikasema, "Simfahamu vizuri." Basi. Fomu ikawekwa pembeni, na iko pembeni mpaka leo.

Mama Angetile alinikuta sokoni Bondeni, amekuja kununua dagaa. Akaniambia taratibu tu, "Shemeji, mume wangu umemwosha wewe. Mimi hunifahamu?"

Nikamjibu, "Shemeji, hayo ni mambo ya serikali."

Tangu siku hiyo simu yake imesajiliwa kwa jina la jirani yake Beatrice, na akienda kumzika ndugu ng'ambo hajui kama atarudishwa. Na ubaya wangu haukuishia kwake. Kwa kuogopa kuulizwa, nilianza kusema kwa sauti kubwa kwamba sisi wenye ukoo hapa tusichanganywe na wa ng'ambo. Wenye ndugu ng'ambo wakanisikia. Wakajenga msikiti wao, mnauona kutoka hapa, tukawa tunaswali Idi mara mbili kama watu wasiojuana. Uchaguzi wa kijiji ukafika, kura zetu zikagawanyika, tukakosa hata mjumbe mmoja, na eneo la makaburi yetu likajadiliwa sisi tukiwa nje ya mlango.

Halafu mnasema nimewaunganisha! Tuliporudi kukaa pamoja mwaka jana, nani alizunguka nyumba kwa nyumba, na miguu yake ile inayovimba, kuwaomba mje? Ni Mama Angetile. Mimi nilikuja kufungua kikao na kupigiwa makofi.

Nasikia mzee Andongwisye huko nyuma anasema, "Fupisha, wali unapoa." Ni kweli, baba. Namaliza.

Karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu. Inasema Mama Angetile ni mzaliwa wa hapa, namfahamu tangu utoto wetu, na kwamba kwenye kikao kile nilidanganya. Inasema pia mama yangu alizaliwa wapi. Ndugu Ezekiel, naomba uipokee sasa hivi, watu wakiona. Nikiitwa na mimi kuulizwa, nitakwenda. Na Mchungaji, msiba ujao mkiona afadhali achinje mwingine, kisu nitamkabidhi.

Mama Angetile, shemeji yangu, sikuombi unijibu hapa. Mbele ya watu wengi hivi, na chakula kimeandaliwa, mtu anawezaje kusema hapana? Utanijibu siku yako, au usinijibu.

Ila wengine ninawaomba. Jumatatu anakwenda ofisini na fomu mpya. Asiende peke yake. Twendeni wote, wa msikiti huu na wa msikiti ule, wenye ukoo hapa na wenye wajomba Malawi, tukasimame pale. Nanyi majirani Wakristo, njooni. Siku ile mlikuwa saba kwenye kikao kile, wote mmekula kwake, na wote mlinyamaza pamoja nami. Wakiuliza nani anamfahamu huyu mama, nataka safari hii waulizwaji tuwe wengi mpaka mwenye kuuliza achoke yeye.

Kanzu ile mhifadhieni atakayenifuata. Mimi narudi kukaa kule mlangoni, kwenye viatu.

Ndaga fijo. Asanteni kwa kunisikiliza hata niliposema msiyoyategemea. Karibuni wali.