Koti la Jemadari

Mimi ndiye Birika. Jina nimepewa na wateja wangu kwa sababu ya birika la kahawa, na nimelikubali, maana hakuna kijiwe kingine mjini chenye kahawa kama yangu, na tangu jana hakuna kingine chenye mfalme. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha Fundi Viatu. Aliyelitengeneza aliweka miguu katikati mno, ncha zote mbili zikabaki zinaning'inia. Kwa hiyo Kinyozi, ambaye ana mwili, hukaa ncha ya huku, na Jemadari hukaa ncha ya kule. Jemadari ni kaka yake Fundi. Akili zilimtoka akiwa kijana, haongei ila mara mojamoja, na havui koti lake zito la vifungo vya shaba, liwe jua iwe mvua. Akiinuka bila kuaga, benchi linainama upande wa Kinyozi na kahawa inatumwagikia sote. Tumezoea. Kila mtu hapa ana kazi yake, na yake ni hiyo ya kutusawazisha.

Jana jioni Fundi wetu alikuwa mfalme. Miaka yote kwenye michezo ya ukumbini walikuwa wanampa nafasi ya mlinzi wa lango, asimame na mkuki asiseme neno. Safari hii Mwalimu wa mchezo akampa taji, kwenye ile tamthilia ya zamani ya mfalme anayerukwa na akili. Tulikaa safu ya mbele, kifua mbele. Ikafika sehemu ya mvua. Nyuma ya pazia mtu anatikisa bati, ndiyo radi, na mwingine juu ya ngazi anamwagia Fundi maji kwa ndoo iliyotobolewa. Fundi anatetemeka. Hapo Jemadari akainuka, akapanda jukwaani, akavua koti lile ambalo hata mama yao hakuwahi kuweza kumvua, akamvika mdogo wake, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, akarudi kukaa. Watu ukumbini wakalia, kisha wakasimama kupiga makofi. Mimi nililia na sioni aibu kusema.

Leo asubuhi palikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole, lakini benchi lilijaa.

— Mimi nasema ni ufundi, — alianza Kinyozi. — Mtu akiigiza wazimu mpaka mwenye wazimu wake akadanganyika, huyo si mwigizaji wa hivi hivi. Huyo ni wetu.

— Hakudanganyika, — alisema Mahakama. Huyu alikuwa karani wa mahakama, na ingawa kastaafu, bado hanywi kahawa kabla ya kutoa hukumu. — Alimtambua mwenzake. Sikilizeni mchezo unasemaje. Mfalme anawagawia nchi mabinti wawili wenye maneno matamu, anamfukuza yule anayempenda kweli. Wale wawili wanamfungia mlango. Yuko nje, mvua inamnyeshea, akili zinamruka. Na ni hapo, hana akili, ndipo anawakumbuka watu wasio na paa. Alipokuwa timamu hakuwahi kuwaona.

— Kwa hiyo huruma inataka mtu achanganyikiwe kwanza? — aliuliza Mama Pasi. Anapiga pasi nguo za mtaa mzima na hajawahi kumwogopa karani yeyote.

— Sikusema hivyo. Usinitie maneno mdomoni.

— Umesema.

— Nimesema mfalme. Sikusema watu.

— Na sisi timamu hapa je? Hatuna huruma?

— Sisi tuna huruma ya kutosha, — alisema Kinyozi. — Nani asiyejua kijiwe hiki kina huruma?

Sote tukakubali. Niliwaongezea kahawa.

— Kinyozi, acha kucheka, unatikisa benchi, — alisema Mama Pasi.

— Sicheki.

— Basi tulia. Mimi naona Jemadari kapona. Mtu aliyevua koti lile kwa hiari yake kapona.

— Kwani alikuwa anaumwa? — Kinyozi alishusha sauti. — Fikirini. Miaka yote hii amekaa hapa kimya, anatutazama. Huenda alikuwa anafanya mazoezi. Huenda yeye ndiye mwigizaji, na Fundi ni mwanafunzi wake.

— Mazoezi ya miaka yote hiyo?

— Ndiyo maana akaipatia.

Mahakama akaweka kikombe chini.

— Kisheria mnakosea nyote. Koti lilitolewa hadharani, mbele ya mashahidi, akapewa mfalme akiwa kazini. Sasa ni mali ya serikali. Na kwa kuwa mfalme alishagawa nchi, koti ni la wale mabinti wawili.

— Haki ya nani, Mahakama, nenda kalale, — alisema Mama Pasi.

Fundi mwenyewe muda wote alikuwa anagonga soli. Miguuni pake palikuwa na mfuko, na kifungo cha shaba kilichungulia.

— Mwalimu wa mchezo alipita hapa alfajiri, — alisema bila kuinua macho. — Anataka mambo mawili. Koti nilivae tena leo jioni, limewaliza watu.

— Si nilisema? — Kinyozi alijipiga kifua. — Koti la kijiwe chetu jukwaani.

— La pili, kaka asije. Nimfungie nyumbani, mlango kwa nje. Anasema jana ilikuwa bahati, leo anaweza kuharibu. Nisipomfungia, taji anampa mwingine.

Tukatazamana. Kusema kweli, sisi tulishamwambia mji mzima kwamba mfalme ni wetu.

— Ni jioni moja tu, — alisema Kinyozi taratibu.

— Umesubiri sana, Fundi, — alisema Mama Pasi. — Na mlango ni mlango tu. Utamfungulia ukirudi.

— Kisheria haina shida, — alisema Mahakama.

Mimi nilitikisa kichwa kukubali, na walioniona waliniona.

Alikuwepo mama mmoja, mgeni, ameleta kiatu kilichong'oka kisigino. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea nguzo ya kibanda, anatusikiliza.

— Samahani jamani, — alisema. — Huyo mwenye koti, leo amevaa nini?

Hakuna aliyejua. Tuligeuka wote kwa pamoja kutazama ncha ya kule. Jemadari alikuwa na shati la mikono mifupi, vifungo viwili havipo, mikono ameibana kwapani. Alikuwa anatetemeka, na yeye ndiye aliyekuwa anatikisa benchi tangu asubuhi. Mkononi hakuwa na kikombe. Nilikuwa nimemimina kahawa mara tatu na mara zote nilimruka.

Fundi aliweka nyundo chini. Akatoa koti mfukoni, akalikung'uta, akaenda akamvika kaka yake, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja kama alivyofungiwa jana.

Jemadari akamtazama.

— Na wewe? — aliuliza. Sauti ilikwaruza kwa kukaa sana bila kutumika.

Fundi alimnyooshea kola ya koti.

— Mimi baridi yangu ni ya kuigiza, kaka. Mchezo ukiisha na yenyewe inaisha. Twende ukumbini tukamwone Mwalimu. Jioni unakaa mbele kama jana, na ukitaka kupanda, panda.

— Mwalimu akikataa? — aliuliza Mahakama.

— Atafute mfalme mwingine.

Nilinyanyua birika nimmiminie Jemadari kikombe cha mwisho, lakini alishainuka, bila kuaga. Benchi likainama. Kinyozi akaenda chini, Mama Pasi juu yake, vikombe vikaruka, nami nikiruka pembeni birika likaniponyoka. Kahawa ikaishia pale chini. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tunawatazama wale wawili wakivuka barabara, Fundi na aproni yake, mkono wake begani mwa koti lile.

— Hao ni wetu, — alisema Kinyozi akiwa bado chini.

— Wote wawili, — alisema Mama Pasi.

Yule mgeni akauliza kiatu chake atakigonga nani. Nikamwambia kitagongwa kesho, leo jioni aje hivyo hivyo, hata kama ni kwa mguu mmoja. Tutamwekea nafasi safu ya mbele, karibu na Jemadari.