Balozi wa Unyoya

Benchi la kijiwe chetu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na tundu la ufunguo bado liko palepale. Ukilikalia utajua mwenyewe. Benchi liko ubavuni mwa duka la dawa. Mimi nauza kahawa upande wa kichwani, jiko la mkaa mbele yangu, ndoo ya kuoshea vikombe nyuma, ulimi wangu katikati. Wananiita Shangazi, hata wale wenye mvi kunizidi. Ng'ambo ya barabara ni karakana ya fundi vioo, na asubuhi jua likipiga vile vioo alivyoviegemeza ukutani, sote hukunja nyuso kama watu waliolamba ndimu. Siku ninayoisema hatukukunja. Vioo vilikuwa vimeshaingizwa ndani, na huko ndani mtu alikuwa anafagia.

Huyo fundi vioo ndiye tunayemwita Balozi. Ubalozi wenyewe si wa nchi, ni wa simu. Mnazijua zile simu zenye alama ya unyoya mgongoni, ambazo mwenye nayo huilaza kifudifudi ili unyoya uonekane. Mtaani kwetu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwa nayo. Aliletewa na mwanawe, mtoto wake pekee, aliyekwenda kufanya kazi nje akiwa hata ndevu hazijamkomaa, mama yake keshazikwa. Tangu hapo Balozi akawa mhubiri. Ukienda kwake kutaka kioo cha dirisha la jikoni, utaondoka umeshaelezwa jinsi kamera ya Unyoya inavyoona gizani. Kioo cha simu hiyo kilipopasuka, fundi vioo mzima alikataa kisiguswe na fundi wa mtaani, kwa kuwa kampuni imesema kiguswe na watu wake tu. Alipanda magari mawili kwenda dukani kwao, akakaa foleni kutwa, akarudi anasifia viti.

Sasa, hizo simu zina namna yao ya kupigiana kwa sura, Unyoya kwa Unyoya, bila malipo. Kila Jumapili kijana alikuwa anapiga kwa njia hiyo, na Balozi akiileta simu benchini tunamsalimia mmojammoja kama tunaopita kuwapa maharusi mkono. Kisha kampuni ikatuma sasisho. Simu ikapata moto, ikazima, ikawaka tena na maandishi kwamba toleo lile halitumiki tena kwa huduma ile. Kuanzia siku hiyo sura ya kijana hatukuiona. Balozi akasema dawa ni kununua toleo jipya. Na kwa kuwa toleo jipya halinunuliwi kwa mabaki ya vioo, akatafuta mtu wa kununua meza yake ya kukatia.

Ile meza muielewe. Ni pana, inalaza milango miwili sambamba, na juu imetandikwa zulia nene la sufi ili kioo kisigongane na mbao. Bila meza hiyo fundi vioo ni mtu mwenye kisu tu. Mkokoteni wa kuichukua ulikuwa uje mchana wa siku hiyo ninayoisema. Nilikuwa nimeshamwambia aache upuuzi, akanijibu kwamba nina wivu, kwamba mimi natumia simu ya vitufe na ningependa dunia yote ibaki kwenye vitufe.

Basi asubuhi ile alikuja na vumbi la ufagio kwenye nyusi, akaiweka simu kifudifudi pale benchini, akaomba kikombe. Walikuwepo wawili kabla yake. Mmoja ni Redio, mlinzi wa usiku wa duka la dawa, ambaye kukipambazuka haendi kulala bali anabaki kututangazia. Mwingine ni Dakika Mbili, fundi bomba. Jina hilo alipewa na wateja wake, na ukimsubiri utaelewa kwa nini.

Dakika Mbili ndiye aliyeanza. Alisema yeye maji anayajua, na simu ni kama maji. Kila simu ina koki yake huko makao makuu ya kampuni. Ukikaa nayo muda wakaona umenogewa, mtu ananyoosha mkono, anakaza koki kidogo. Unapata matone. Unalalamika, anakaza tena.

– Haina haja ya koki, akasema Redio. Mle ndani mna kijidudu. Kinawekwa kiwandani kikiwa kimelala. Likija sasisho kinaamshwa, kinaanza kula.

– Kinakula nini, chuma?

– Kinakula umri.

Balozi alikunywa kahawa. Jambo moja sikuwahi kulizoea kwa mtu huyu: aliyeumizwa ni yeye, na anayewatetea ni yeye. Akasema kampuni haina kosa. Simu imezeeka, hata yeye goti halikunjiki kama zamani, mbona hatumtafutii mchawi. Akasema watu wa simu nyingine wana choyo, hawajui kitu bora kina gharama zake, na kwamba siku atakayoingia na toleo jipya, Dakika Mbili atakuwa wa kwanza kuomba kulishika.

– Nitaomba, kweli, akasema Dakika Mbili. Lakini leo chukua hii yangu ya akiba. Si ya unyoya, ila inapiga, inapokea, na picha inaonyesha. Kaa nayo bure. Meza ibaki.

– Atanipata wapi humo? Amenizoea kwenye Unyoya.

Akaisukuma ile simu ya akiba kwa ncha ya kidole, kama mtu anayerudisha sahani yenye nywele.

Redio hapo akapata moto. Alisema Dakika Mbili anafikiri koki inakazwa kibahati tu. Hapana. Wanachagua. Simu inasikiliza, hata sasa imelala hapo inasikiliza, na wanajua nani ana nini nyumbani. Wanajua mpaka kama una meza. Mimi nikamuuliza kama wanajua pia ana deni la kahawa la tangu mvua zilizopita. Akaniomba nisimkatize.

– Wanachagua nani? akauliza Dakika Mbili, kwa sauti ya chini, maana sasa alikuwa anaitazama ile simu.

– Wenye watoto mbali. Wanapima. Mzee gani anapigiwa kila Jumapili, anacheka kiasi gani, anakaa hewani muda gani. Mwenye kupenda sana ndiye wa kwanza kufungiwa, kwa sababu huyo atauza kitanda. Kama mtoto wako yuko nyumba ya pili hawakugusi, wakufungie nini?

Kusema kweli, kwa mtu asiyelala usiku, aliongea vizuri kuliko alivyodhamiria. Balozi aliacha kunywa. Akaigeuza simu, akaitazama, akailaza tena kifudifudi.

Hapo ni lazima niseme habari ya sheria yetu. Simu ikilia benchini, mwenye nayo ananunua kahawa ya wote. Sheria hiyo aliileta Redio, ambaye simu yake hailii kwa kuwa hana anayemtafuta zaidi ya mkewe, na mkewe humtafuta kwa miguu. Dakika Mbili ndiye anayetunywesha, wateja wanampigia kutwa kuuliza yuko wapi, naye kikombe mkononi anawaambia yuko kwenye kona. Balozi zamani alikuwa akinywesha kila Jumapili. Baada ya sasisho, akawa wa kunyweshwa. Kisha kuna siku Unyoya ukalia. Balozi alisimama, akaenda nao hadi kwenye nguzo ya umeme, akatupa mgongo. Aliporudi alinunua kahawa ya benchi zima na ya wapita njia waliokuwa hata hawana kiu. Hakuna aliyemuuliza. Ila aliiweka simu karibu na vikombe vyangu, kioo bado kinawaka, nami shule ya msingi niliimaliza, na herufi hazijanikimbia. Ilikuwa ni kampuni. Inamtangazia toleo jipya.

Sikumwambia mtu, na fedha ya kahawa yake niliipokea.

Tukiwa kwenye hayo ya Redio na vipimo vyake, akaja mama mmoja tusiyemjua, unga mpaka viwikoni, ameshika kamba yenye mafundo. Aliuliza fundi vioo ni yupi. Alikuwa anaoka mikate mtaa wa chini, na kioo cha kabati lake la mikate kilikuwa kimevunjika, nzi wanaingia kuliko wateja. Kamba ndiyo kipimo: fundo la kwanza urefu, la pili upana. Balozi akamwambia karakana inafungwa, leo meza inaondoka. Mama akauliza kwa nini. Kabla mwenyewe hajafungua mdomo, Redio alishamweleza yote kwa pumzi moja: kijana, Jumapili, sasisho, koki, kijidudu, mkokoteni.

Mama alisikiliza huku anakwangua unga kwenye kucha. Alikuwa hana haraka, na wala hakuonekana mtu wa maneno.

– Kijana ana namba yako? akamuuliza Balozi.

– Anayo. Ni ileile, sijawahi kuibadilisha.

– Na inaingia?

Dakika Mbili, kwa ule wema wake usio na akili, akachomoa simu mfukoni akapiga. Unyoya ukatetemeka juu ya ubao, ukalia. Ulilia vizuri, sauti safi, tukausikiliza mpaka Dakika Mbili akapata aibu akakata.

– Sasa mbona asipige ya kawaida? akauliza mama.

Kijiwe kile kina majibu ya kila kitu. Nimesikia hapo sababu za vita, sababu za upara, sababu ya mwezi kuonekana mchana. Redio aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Dakika Mbili alichungulia ndani ya kikombe kama anatafuta bomba lililopasuka. Mimi nikachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Balozi hakukasirika. Nilidhani atakasirika, nikashika birika vizuri.

– Nikimpigia mimi inaita, akasema. Inaita mpaka inakata. Mama, mimi si mtoto. Unadhani hilo ulilouliza sijajiuliza?

– Sasa meza unauzia nini?

– Hii simu ina sababu, ndiyo shida yake. Nikilala nasema ni simu. Nikiamka nasema ni simu. Nikikaa hapa hawa nao wananiambia ni simu, mpaka na kijidudu wamenitafutia. Nimechoka na sababu. Nikiwa na mpya, isiyo na kasoro, na ikanyamaza, nitakuwa nimejua.

– Na ukishajua?

Alimtazama yule mama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi nina jibu nalificha chini ya birika. Ningekuwa nalo ningempa, hata kwa ukali, maana mpole sikuzaliwa. Akachukua ile kamba yenye mafundo mkononi mwa mama, akasema wavuke, atamkatia chake kwanza.

Sisi tulibaki benchini. Tulisikia kile kisu chake kikipita juu ya kioo, mlio mwembamba unaokwenda moja kwa moja mpaka kwenye meno, kisha mgongo wa kisu ukigonga, kisha kioo kikiachana. Mkokoteni ulifika naye bado anasugua kingo kwa jiwe ili zisimkate mama mkono. Vijana wawili wenye mkokoteni wakataka kuingia, akawaambia wasubiri nje, meza ina kazi. Wakasubiri. Mama akatoka na kioo kimefungwa kwa magazeti, amekikumbatia, akashika njia yake ya mtaa wa chini. Alipotupita alitusalimia kwa kichwa tu.

Meza haikupita mlangoni ikiwa imelala. Waliisimamisha kwa ubavu, wakaivuta, zulia la sufi likikwaruza ukuta. Kijana wa Balozi alipokuwa mdogo alikuwa akilala mchana chini ya meza hiyo, baba anakata vioo juu yake, na sikumbuki hata chembe moja kumwangukia. Sasa chini yake palikuwa na mchanga mweupe wa vioo na alama nne za miguu.

Redio akasema:

– Lakini labda hiyo mpya…

Nikamwambia anywe kahawa yake. Akasema imekwisha. Nikainua birika, nalo lilikuwa tupu, na sikuona sababu ya kuteka maji mengine.

Balozi alitoka nyuma ya mkokoteni. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, unyoya nje. Alikuwa ameweka kiganja juu ya meza, iliyopakiwa kwa ubavu, kama anayemshika mgonjwa, anawaelekeza vijana wapite kushoto, kulia kuna shimo. Walipofika mbele yetu akawasimamisha. Akapiga goti, lile lisilokunjika, akachomoa kipande cha kioo kilichojificha kwenye manyoya ya zulia, akakiweka mfukoni.

– Mwambieni tajiri wenu aipige brashi kila jioni, akasema. Chembe moja ikibaki juu, kioo kizima kitapasuka, naye hatajua ni kwa nini.

Wale walikuwa wasukuma mkokoteni tu. Walisema sawa, wakasukuma.