Kilio Ndani ya Jumba la Mama Pazia

Ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa na nani anajifanya, kaa kwenye benchi la muuza kahawa, mkabala na jumba la michezo ya kuigiza. Hapo Sindano, fundi aliyewashonea waigizaji wa jumba lile tangu ndevu hazijamwota, alikuwa na pembe yake ya kudumu. Jioni hiyo kahawa ilimpolea mkononi. Tangazo la mchezo lilikuwa limebandikwa ukutani, lakini wiki nzima hakuna mwigizaji aliyeingia, wala yeye hakuletewa hata kitambaa. Aliyeingia ni mwenye jumba tu, Mama Pazia, na kila alipojifungia, kilio cha mwanamke kilisikika ndani.

"Kimeanza tena," alisema Redio, kinyozi asiyejua kunyoa kimyakimya.

Wakasikiliza. Kilipanda, kikakatika, kikaanza upya.

"Pale pana jambo," alisema Wakili, ambaye hakusomea sheria bali ubishi. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi tumuulize Sindano, ndiye mwenye nguo."

"Mimi sijaambiwa kitu," Sindano akajibu. Na hilo ndilo lililomkera.

"Anauza jumba," alisema Redio. "Mnunuzi kashapatikana, uchungu ndio unamliza."

"Auze yeye?" Sindano akapinga. "Babu yake alikuwa mchekeshaji wa sokoni. Baba yake akalijenga jumba lile kwa mbao za kuokoteza. Mzee alipofariki, kaka zake walitaka liwe ghala la saruji. Mama Pazia akasimama mlangoni akawaambia hiyo saruji itapita juu ya mgongo wake."

"Sawa. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema Wakili. "Huyu wa waigizaji mbona hapandi jukwaani? Anaogopa kuonekana na nani?"

Sindano alishusha pumzi. "Alipanda, akiwa mtoto. Maneno yakamtoka kichwani, akaduwaa, watu wakamcheka. Mama yake akamshika mkono, akampa kamba ya pazia aivute. Jina likamganda. Lakini kuchagua mchezo, kuibua vipaji, kujaza viti, nani alimfikia? Hao mnaowatazama kwenye televisheni ni yeye aliyewatoa."

"Wakaota mabawa, wakaruka," alisema muuza kahawa akipangusa birika. "Na yule mdogo wake je? Aliyekuwa akiwaliza watu mpaka wanaume wanasingizia mafua?"

"Waligombana. Mdogo alitaka nafasi aliyokuwa akiigiza marehemu mama yao, katika mchezo huohuo uliotangazwa. Mama Pazia akampa mwingine, ambaye naye kesharuka. Yule binti akaondoka, hajarudi."

Redio akasogea karibu, sauti akaipunguza.

"Nani alimwona akiondoka?"

Muuza kahawa akaacha kupangusa birika.

"Basi hakuondoka," Redio akaendelea. "Chini ya jukwaa pana chumba. Mchezo ni uleule, waigizaji hakuna, na anayelia ni mwanamke. Jumlisheni wenyewe."

"Amemfungia mpaka akubali kuigiza," Wakili akadakia. "Siku ya mchezo anatolewa, analia kweli, watu wanapiga makofi. Ndiyo maana wakasema mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu imeingiaje hapo?" aliuliza muuza kahawa, lakini naye macho yalikuwa mlangoni pa jumba.

Sindano alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Chumba kile alikijua, ndimo nguo za zamani zilimohifadhiwa. Alimjua Mama Pazia tangu akivuta kamba kwa mikono miwili. Sasa alijikuta akijiuliza kama kweli alimjua.

"Habari za jioni."

Mwanamke alikuwa amesimama mbele yao, begi begani, vumbi la safari viatuni.

"Nzuri," alisema Redio, akimpima kwa macho. "Tukusaidie nini, mama?"

"Mwenye jumba yupo? Mimi ni mdogo wake. Nimeona tangazo la mchezo wa mama."

Redio akafumba mdomo. Wakili akamtazama Redio. Sindano aliinuka polepole, maana sauti ile angeitambua hata gizani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Kilio kikapanda tena. Mgeni aligeuza sikio, uso ukambadilika.

"Ameanza lini?"

"Wiki nzima sasa," alisema muuza kahawa.

"Na nani amegonga mlango?"

Redio alichungulia ndani ya kikombe chake. Wakili alitafuta methali, akaikosa. Sindano alifungua kinywa aseme yeye ni fundi tu, akaona haya hata kabla hajatamka. Akaweka kikombe kwenye benchi, akavuka barabara pamoja na mgeni, na akagonga mwenyewe.

Kilio kikakoma. Komeo likavutwa. Mama Pazia alisimama mlangoni, macho yamevimba. Alipomwona mdogo wake, alishika fremu ya mlango.

"Nilikosa mtu wa kuchukua nafasi ya mama," alisema. "Nikasema nijaribu mwenyewe."

"Nimekusikia tangu ng'ambo ya barabara, dada. Mama hakuwa akilia hivyo."

"Najua. Siku ya kwanza nilikuwa naigiza. Kisha nikashindwa kunyamaza."

Mdogo wake alipenya kando yake, akatua begi ndani.